Siku ya Kutoka Rehabu Ndiyo ya Kuogopwa

Familia nyingi za Malindi zinaijua safari hii. Kijana aliyenaswa na unga, yaani heroini, ameiba mpaka sufuria za mamake. Ndugu wanaitana, mjomba aliye Mombasa anatuma chake, shangazi anauza mkufu, jirani anatoa alichojaliwa, na baada ya wiki mbili tatu za kumbembeleza, kijana anapakiwa garini na kupelekwa rehabu. Miezi mitatu baadaye anarudi. Mashavu yamejaa, alfajiri yuko msikitini, kila mpita njia anamwamkia. Mama anapika pilau, watu wanakula na kumshukuru Mungu. Wiki ya tatu au ya nne tunaitwa mazishini.

Si wote wanaofikia hapo. Wengi hurudi maskani, vijiweni pa kutumia unga, kimyakimya, wakakonda tena, na familia ikasema ilikwisha mwachia Mungu. Lakini vijana waliozikwa wakiwa na afya ya rehabu bado mwilini ni wengi kiasi kwamba kulinyamazia jambo hili ni dhambi. Tumekuwa tukihesabu kuwa hatari ni siku anazokaa ndani, akitapika na kulia, na kwamba akitoka mzima basi amevuka. Hesabu hiyo imegeuzwa juu chini. Hatari kubwa ya kufa inaanza anapovuka lango la kutokea, na hapo ndipo fedha zetu zote, za familia na za serikali, huwa zimekwisha.

Tuuangalie mwili wenyewe, maana kila kitu kinaanzia hapo. Saa sita hadi kumi na mbili tangu kete ya mwisho, arosto, yaani mateso ya mwili kuukosa unga, inabisha hodi: miayo isiyokwisha, makamasi, machozi, jasho la baridi. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya zaidi. Mifupa inauma, tumbo linaendesha, vinyweleo vinasimama, miguu inarusharusha kitandani, usingizi hapati hata lepe. Kufikia siku ya tano hadi ya saba makali yanapungua, na baada ya siku kumi hivi wengi wanaweza kula wali wakashiba na kulala. Hiyo ndiyo detoksi. Ni kazi ngumu, inataka uangalizi, na kuna dawa za kuipunguza makali. Lakini ni kazi ya siku kumi, na ugonjwa aliokuja nao kijana ni wa miaka.

Uraibu umekaa kwenye ubongo: jinsi ulivyojifunza kutafuta raha, kukimbia huzuni, kuitikia barabara fulani, rafiki fulani, hata harufu ya kiberiti. Huo hauondoki na jasho. Kinachoondoka upesi ni kitu kingine kabisa, nacho ni uwezo wa mwili kuhimili dozi. Heroini hupunguza kasi ya kupumua. Mtumiaji wa kila siku mwili wake umezoea, kwa hiyo anabeba kipimo ambacho mimi au wewe kingetuua kwenye kiti. Akikaa wiki kadhaa bila kutumia, mazoea hayo yanafutika. Siku anayoteleza, iwe ni kwa hasira, kwa msiba au kwa kukutana tu na wenzake, anachukua kile kipimo alichokuwa akikijua. Mkono unakumbuka, mwili umesahau. Pumzi inapungua mpaka inasimama.

Haya yamepimwa. Mwaka 2003 watafiti wa London walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 137 waliolazwa ili waachishwe heroini na dawa za jamii yake. Ndani ya miezi minne watatu walikufa kwa kuzidiwa na dozi, na wote watatu walikuwa katika kundi la waliomaliza matibabu yao vizuri. Wale ambao kituo kingewaandika kuwa wameshindwa, waliotoka kabla ya muda, hawakupoteza mtu kwa njia hiyo. Ayalandi nako, mwaka 2010, ilichapishwa taarifa ya watu 109 waliopitia kituo cha kulaza wagonjwa. Waliorudia walikuwa 99, na 64 kati yao walirudia kabla wiki moja haijaisha. Waliokawia kurudia ni wale waliomaliza wiki zote sita za matibabu na wakaendelea kufuatiliwa baada ya kutoka. Yaani kufuatiliwa ndiko kulikosaidia, na ndiko sisi hatukulipii.

Msomaji wa Shela au Maweni atasema hao ni Wazungu na sisi tuna mila zetu, tuna dini, tuna familia. Basi na tutazame yaliyotokea hapa kwetu. Mwishoni mwa mwaka 2010 majina ya washukiwa wa biashara ya unga yalitajwa bungeni, msako ukakaza kamba, na unga ukaadimika pwani nzima mpaka miezi ya mwanzo ya 2011. Wanaokumbuka watakumbuka vijana waliokuwa wamejikunyata barazani wakitetemeka chini ya jua kali, na hospitali zilizopokea watu wenye arosto kuliko zilivyoweza kuwahudumia. Kwa maneno mengine, pwani yote ilifanyiwa detoksi kwa mara moja, bila mtu kuchangisha hata shilingi. Kama kuondoa sumu mwilini kungekuwa ndiyo tiba, Malindi ingekuwa imepona mwaka ule. Wengine walihamia kwenye pombe, bangi na vidonge. Unga uliporudi ulikuta wateja wake wakingoja.

Nalitaja hilo pia kwa ajili ya wale wanaoamini kuwa dawa ya jambo hili ni polisi peke yao. Unga uliingia mji huu ukifuata utalii, miaka ya 1980, na kwa muda mrefu ulikuwa wa kahawia, wa kuvuta kwa moshi au kuchanganywa kwenye kokteli pamoja na bangi. Mwisho wa miaka ya 1990 ukaja mweupe, unaoyeyuka vizuri majini, na pamoja nao ikaja sindano. Sindano ikaleta VVU na homa ya ini: makadirio ya taifa ya mapema miaka ya 2010 yaliweka maambukizi ya VVU kwa wanaojidunga Kenya kuwa 18.3%, mara tatu na zaidi ya watu wengine. Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata jahazi lenye kilo 1,032 za heroini kwenye bahari hii yetu. Ulikuwa ushindi mkubwa, na maskani za mjini hazikufungwa kwa ajili yake. Bahari ni pana. Kukamata wauzaji wakubwa ni wajibu wa serikali na sina ugomvi nao, ila hakumtibu aliyekwisha ugua.

Kuna familia zisizoweza kulipa rehabu yoyote. Vituo vya watu binafsi vinataka makumi ya maelfu ya shilingi kwa mwezi, na mvuvi wa Shela au mama anayeuza viazi karai Kisumu Ndogo atazitoa wapi? Hao humfungia kijana chumbani. Nimeiona kwa jirani: kitasa kimegeuzwa nje, ndoo pembeni, godoro limevuliwa shuka kwa sababu kila shuka iliyotandikwa ililowa jasho, bakuli la uji wa mtama sakafuni limeganda ngozi juu, na mama amekaa kizingitini na tasbihi mchana kutwa, akisikiliza. Upendo wa mama yule hauna kipimo. Lakini kuna jambo alipaswa kuambiwa na hakuambiwa, nalo nalisema hapa kwa herufi nzito kadiri kalamu inavyoweza: arosto ya unga peke yake ni nadra kumuua mtu mwenye nguvu zake, akinyweshwa maji ya kutosha. Arosto ya pombe na ya bugizi, yaani vidonge vya kutuliza, inaua. Mtu aliyekunywa mnazi au chang'aa kila siku kwa miaka, au aliyekuwa akibugia vidonge vya diazepamu na ndugu zake, akikatiwa ghafla anaweza kuanza kifafa siku ya pili au ya tatu, akachanganyikiwa, akaona vitu visivyokuwapo, akafa. Na siku hizi ni wachache wanaotumia unga mtupu. Kabla hujageuza ufunguo, muulize anatumia nini na nini. Jibu likiwa na pombe ya kila siku au vidonge, chumba chake ni hospitali.

Hali kadhalika mwanamke mjamzito. Kumkatia unga ghafla kunaweza kuharibu mimba au kumzalisha kabla ya wakati. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani tangu 2014 ni kuwa apewe methadoni, dawa ya kunywa inayochukua nafasi ya unga, na aangaliwe mpaka ajifungue, na kwamba anaweza kunyonyesha. Wanawake hata hivyo ndio tunaowaficha zaidi. Vituo vingi vya kulala vimejengwa kwa kufikiria wanaume, na binti wa watu akiugua uraibu familia humsafirisha kwa ndugu wa mbali, au humfukuza, kisha humkuta baadaye kwenye hali ambayo hakuna anayetaka kuizungumza. Wenye watoto wachanga hawaendi rehabu hata ikiwa bure, kwa sababu hakuna wa kumwachia mtoto. Hilo si gumu kulitatua. Linataka chumba kimoja chenye vitanda vya watoto na mwajiriwa mmoja wa kuwaangalia.

Sasa methadoni. Kliniki yake katika Hospitali ya Malindi ilianza mwaka 2015, miezi michache tu baada ya ile ya Mathari, Nairobi, iliyofunguliwa Desemba 2014. Tanzania ilikuwa imetutangulia pale Muhimbili, Februari 2011. Tangu 2005 dawa hii imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya dawa za lazima. Utaratibu wake hauna maajabu. Mgonjwa anafika dirishani, anatambuliwa, kipimo chake kinamiminwa kwenye kikombe kidogo cha plastiki, anakunywa mbele ya mhudumu, anapewa maji au anasemeshwa kidogo ili ijulikane amemeza, anaondoka. Huanzishwa na kiwango kidogo, miligramu 20 au 30, kisha kinapandishwa polepole kwa siku na wiki mpaka arosto ikate na hamu ipungue. Wengi hutulia kati ya miligramu 60 na 120. Dawa hukaa mwilini siku nzima, kwa hiyo hakuna kupanda na kushuka, hakuna kuamka saa kumi usiku kutafuta cha kuiba. Mwaka 2017 ulichapishwa uchambuzi uliojumlisha tafiti za nchi kadhaa: kwa kila watu 1,000 kwa mwaka, walio kwenye methadoni walikufa 11, na walioiacha walikufa 36. Sijaona rehabu iliyotangaza matokeo ya namna hiyo.

Pingamizi nalijua, nalisikia barazani na wakati mwingine mimbarini: huko ni kubadilisha sumu kwa sumu, kijana ametoka kwenye utumwa wa muuzaji ameingia utumwa wa serikali. Wasemao hivyo wengi wao ni watu wema wanaowatakia vijana heri, na wana haki ya kujibiwa kwa heshima. Jibu langu ni kuwatazama wagonjwa wenyewe. Aliye kwenye kipimo sahihi halewi. Anaendesha tuktuk, anashona nyavu, anasimamia duka la kakake, anaswali akijua anachosoma. Ndiyo, mwili wake unaitegemea dawa, na akiikosa ataumwa. Lakini hatafuti mshipa, hashiriki sindano, haibi simu, na hajifungii chooni ambako akizidiwa hakuna wa kumwona. Wapo watakaoipunguza taratibu baada ya miaka na kuacha kabisa. Wapo watakaoinywa maisha yao yote. Mwenye kuzeeka na methadoni yake, akasomesha wanawe, sioni ameshindwa nini.

Dawa yenyewe ina dosari zake, na si vyema kuzificha. Ukichanganya methadoni na pombe au bugizi, unaweza kuacha kupumua usingizini, na ni kweli wapo wagonjwa wanaotoka dirishani moja kwa moja kwenda mangweni. Dawa nyingine nazo huipunguza nguvu. Mgonjwa wa kifua kikuu anayetumia rifampisini, au wa VVU anayetumia efavirenzi, methadoni yake huyeyuka mapema, arosto ikamrudia saa za usiku, naye akahisi amedanganywa. Mhudumu asiyelijua hilo atamwambia ana tamaa, na kijana atarudi kwenye unga akiwa na dawa za TB mfukoni. Anayelijua atampandishia kipimo. Ndiyo maana kliniki inataka watu waliofundishwa na wanaokaa, si wanaohamishwa kila wakianza kuzoeana na wagonjwa.

Na kuna mwezi wa Ramadhani. Methadoni inanyweka mara moja kwa saa 24, basi hakuna sababu ya kitabibu ya kumfanya Mwislamu achague kati ya saumu yake na dozi yake. Kliniki inayofunguliwa baada ya futari inaumaliza mjadala huo. Inahitaji wahudumu wawili watatu kubadilishiwa zamu, mlinzi na taa. Katika mji kama huu, ambako kijana akirudi kufunga ndipo familia inaanza kumwamini tena, huduma ya saa za usiku mwezi mmoja ina thamani kuliko mabango yote ya barabarani yanayosema tukatae dawa za kulevya. Ningependa kuona madaktari wa hospitali wakialikwa kukaa na maimamu wetu na wachungaji, faragha, bila kamera, wakaulizana kila swali.

Baada ya kuisifu methadoni kiasi hiki, mtu atadhani nataka nyumba za kulala za rehabu zifungwe. La hasha. Malindi ina heshima ya zamani katika kazi hiyo: Omari Project ilianza mwaka 1995 kuwahudumia waraibu wa heroini hapa hapa, wakati sehemu kubwa ya nchi ikidhani heroini ni habari ya ughaibuni. Nyumba ya kulala inatoa kitu ambacho hakimo kikombeni. Inamtoa kijana kwenye barabara inayomwita. Inampa usingizi wa usiku, chakula kwa wakati, kazi ya mikono, na jioni moja baada ya nyingine ya kukaa na watu waliopita alikopita yeye, ambao hawezi kuwadanganya. Kuna vijana waliosema mambo mle ambayo hawakuwahi kumwambia mtu: aliyewaingilia utotoni, siku baba alipoondoka, deni la aibu. Mambo hayo yasiposemwa, hakuna dawa itakayotosha.

Kinachonisikitisha ni kwamba nyumba na kliniki zimegawanyika kama mahasimu. Nyumba nyingi hazimpokei aliye kwenye methadoni: aache kwanza, ndipo aingie. Kwa hiyo mgonjwa aliyetulia, anayehitaji tu miezi miwili mitatu mbali na maskani ili apange maisha yake, analazimishwa kuiacha dawa inayomlinda ili apate kitanda. Akishamaliza, anatoka hana dawa wala uwezo wa kuhimili. Huko ndiko kumwandalia kifo kwa nia njema. Nyumba inayompeleka mkazi wake kliniki kila asubuhi na kumrudisha inawezekana. Ni gari moja na dereva mwaminifu. Na yule anayechagua kutoka bila dawa yoyote, kwa kuwa uamuzi huo ni wake na wapo wanaoufanikisha, basi atoke akiwa ameambiwa wazi mbele ya mamake: mwili wako haubebi tena ulichokuwa ukibeba, ukiteleza usitumie peke yako, na mlango wa kliniki uko wazi siku yoyote.

Kuhusu nyumba zinazofunga watu minyororo na kuwapiga kwa jina la kuwarekebisha sina mengi. Hizo zifungwe. NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ndiyo yenye kazi ya kusajili na kukagua vituo, na mzazi ana haki ya kuona cheti kabla ya kutoa hata senti. Akiwa hapo aulize na mengine. Nani anakesha usiku na ana mafunzo gani? Mgonjwa akianza kifafa anapelekwa hospitali ipi, kwa gari la nani? Mwenye VVU au TB anaendelea kupata dawa zake? Mwanangu akitoka, nani atamtembelea wiki ya kwanza, na ya pili, na ya sita? Swali hili la mwisho ndilo lenye uzito. Kituo kisichokuwa na jibu lake kinauza nusu ya tiba kwa bei ya tiba nzima.

Umbali nao ni kikwazo tunachokisahau kwa sababu wengi wetu tunaandika tukiwa mjini. Methadoni ya kila siku inamfaa aliye Barani au Muyeye. Wa Marafa au Magarini atapanda bodaboda kila asubuhi, alipe nauli inayozidi kibarua chake, na baada ya miezi miwili ataacha. Tukipanda juu kwa ndugu zetu wa Lamu hali ni nzito zaidi: kijana wa Faza au Kizingitini akitaka dozi Amu ni safari ya boti kwenda na kurudi, kila siku ya Mungu, kusi na kaskazi. Kwa watu kama hao, ama dawa iwafuate, kwenye zahanati yao, chini ya mhudumu aliyefundishwa, ama mgonjwa aliyethibitika kwa muda mrefu aaminiwe dozi za siku kadhaa za kuchukua nyumbani, kama inavyofanyika katika nchi nyingine. Hatari ya dawa kuuzwa ipo, na lazima ilindwe kwa kuhesabu na kukagua. Lakini hatari hiyo ni ndogo mno ukiiweka kando ya mtu aliyeacha matibabu kwa kukosa nauli.

Nani alipe? Kwa miaka yote hii huduma nyingi za waraibu pwani, sindano safi, vituo vya mapumziko ya mchana na wahudumu wa mitaani, zimeegemea wafadhili wa nje, Marekani ikiwa miongoni mwao. Amri ya Washington ya Januari 20, 2025 ya kusimamisha misaada ilitikisa huduma hizo ndani ya wiki chache tu, na tukaona jinsi uhai wa watu wetu ulivyoning'inia kwenye saini ya mtu asiyejua Malindi iko wapi. Katiba ya 2010 iliweka huduma za afya mikononi mwa kaunti. Kaunti ya Kilifi haikusita Mei 2024 kuingia katika vita vya muguka, ile aina ya miraa, na viongozi wetu walipaza sauti zao kwa nguvu. Nataka nguvu ile ile kwa ajili ya methadoni na mishahara ya wanaoitoa. Vita vya muguka vilionekana kwenye televisheni, na kikombe cha asubuhi hakionekani, lakini kikombe ndicho kinachozuia mazishi.

Kuna dawa moja ya bei nafuu ambayo ingeanza kuokoa watu mwezi huu. Inaitwa naloksoni. Mtu aliyezidiwa na unga anakoroma kwa namna isiyo ya kawaida, midomo na kucha vinageuka rangi, ukimtikisa haamki, pumzi inakuja moja moja. Maskani humwagia maji na kumpiga makofi, muda unapita. Sindano ya naloksoni kwenye paja, au ya kupulizwa puani, inamrudishia pumzi kwa dakika chache. Nguvu yake haidumu, nusu saa hadi saa moja na nusu hivi, na unga bado umo mwilini, kwa hiyo lazima apelekwe hospitali hata akisimama na kusema yuko sawa. Mtu wa kawaida anaweza kufundishwa kuitumia kwa mchana mmoja. Shirika la Afya Duniani lilishauri tangu 2014 kuwa iwe mikononi mwa wale walio karibu na watumiaji: wenzao, mama zao, ndugu zao. Hapa bado ni mama wachache walio nayo, na rafiki wa aliyezidiwa anaogopa kuita msaada kwa sababu sheria ya dawa za kulevya ya 1994 inamfanya yeye mwenyewe mshukiwa. Mkuu wa polisi wa kituo anaweza kulitatua hili bila Bunge: awaagize maafisa wake kwamba anayeleta mgonjwa hospitali haulizwi alikuwa wapi.

Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa bungeni kwao kabla ya Aprili kuisha na hupitishwa kufikia mwisho wa Juni, na sheria inataka wananchi wasikilizwe kwanza. Katika vikao hivyo tumezoea kusimama kuomba barabara, maji na karo, na ni sawa. Safari ijayo wasimame na wazazi wa hawa vijana. Waombe fungu la methadoni lisilongoja mfadhili, kliniki ifunguliwe usiku wakati wa Ramadhani, zahanati moja Magarini itoe dozi, gari la kuwaleta wakazi wa rehabu, chumba cha kina mama na watoto, na wahudumu wa mitaani wanaolipwa kumtembelea kila anayetoka kwa wiki kumi na mbili za mwanzo. Na kila kijana anapokabidhiwa kwa mamake langoni, akabidhiwe na naloksoni, mama awe amekwisha fundishwa kuitumia.